Maziwa ya Susu Yako

Mwanangu Ruth,

Salamu sikutumii, kwa sababu tuko boma moja na ninakusikia hapo nje ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anataka ubebe mbili, wewe unasema Kyuso ni joto. Siingii hapo. Mambo ya blanketi, sabuni, taa na kamba ya kufungia sanduku ni ya mama yako, na ameyasema tangu Jumatatu mpaka hata mimi ambaye siendi kufundisha popote nimechoka. Nimekaa kwenye cherehani, karatasi nimeiweka pale panapokaa kitambaa, na kila mteja aliyepita leo nimemwambia arudi wiki ijayo.

Siku ulipoleta barua ya kazi ukasoma jina la Kyuso kwa sauti, niliondoka mezani. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ni mbali. Ukaniita, "Baba, kwani Kyuso ni Uganda? Si ni huko Kitui tu!" Mimi nilikuwa tayari nimeshika njia ya choo, na nikakusikia ukimwambia mama yako, "Tumbo la baba limeshaanza." Mkacheka. Katika nyumba hii tumbo lako na langu huongelewa kama mvua, imenyesha au haijanyesha. Sikucheka, lakini hukukosea. Lilikuwa limeanza.

Halafu kuna siku ile basi liliposimama Malili, tukashuka, tukiwa tunatoka kuchukua cheti chako. Abiria wote walikimbilia chai ya maziwa na mandazi. Wewe ukanunua kikopo cha yogati, ukakunja kifuniko kikawa kijiko, ukamwambia yule mama wa duka, "Maziwa mapya ni adui yangu, mama, lakini yakishalala tunapatana." Akacheka mpaka akashika kaunta. Mimi niligeukia barabara nikajifanya ninahesabu malori. Ulisema maneno hayo kwa wepesi sana, Ruth. Hukujua kwamba kuna mtu aliyeyajua kabla yako na kabla ya daktari, na mimi nikamwangamiza.

Nitakwambia moja kwa moja, maana nikizunguka nitaacha. Susu yako, mama yangu, ambaye una jina lake, hakutuacha akaenda kukaa na baba yako mkubwa Kimanzi, huko Kyuso, kwa sababu alipenda mbuzi kuliko sisi. Hivyo ndivyo nilivyokufundisha, na umekua ukimchukia kidogo kidogo kwa neno hilo. Nilimfukuza. Nilimwita mchawi mbele ya watu, na sababu ilikuwa tumbo lako.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na usitafute mahali pa kunihurumia.

Ulipozaliwa nilikuita Mwaitu, mama yetu, kama Mkamba yeyote anavyomwita binti aliyebeba jina la mama yake. Jina lako nyumbani lilikuwa Syombua, na Syombua mkubwa alikaa kibanda chake hapo ulipo sasa mti wa mpapai, hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu. Uliponyonya ulikuwa mnene na mwenye kelele. Ulipoachishwa ndipo mambo yakaharibika. Tumbo lilivimba likawa gumu, likanguruma mpaka mtu aliyekaa kando alilisikia, kisha ukahara, kisha ukalala ukiwa umekunja magoti ukilia kwa sauti ya chini. Kina mama wa kanisa walikuja kukuona wakasema, "Mtoto amekonda, mpeni maziwa." Mama yako akakupa maziwa. Yalikuwa ya ng'ombe wa gredi wa jirani, yamechemshwa vizuri, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Ukazidi kukonda, nasi tukaongeza kikombe cha mchana.

Kwa susu yako ilikuwa vingine. Yeye alikuwa na vitete vitatu, vile vibuyu vya maziwa, na kila alipokiosha kimoja alisugua ndani yake kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia moshi. Alimimina maziwa, akafunga, akayaacha siku mbili tatu mpaka yakaganda na kuchachuka. Hayo ndiyo aliyokuchanganyia kwenye uji. Ukishinda kwake siku mbili, tumbo linashuka na unaanza kukimbiza kuku. Ukirudi kwetu, unaanguka tena.

Wewe ni mwalimu. Nikikupa hesabu hiyo utaipata kabla sijamaliza kuisoma. Mimi sikuipata, na sikuwa mjinga. Nilikuwa mtu aliyeokoka karibuni, mzee wa kanisa asiye na mvi hata moja, na nilikuwa na haraka ya kuonekana nimeachana na mambo ya zamani. Vitete viliniudhi. Niliwahi kumwona babu yako, nikiwa mdogo, akimwaga maziwa kutoka kitete kama hicho mahali pa kutambikia, na mchungaji wetu alikuwa ametuambia kwamba chombo kilichotumika huko hakitakasiki. Katika nyumba yangu tulikunywa chai, ya maziwa mengi na sukari, katika vikombe vya bati. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mtu aliyeendelea.

Na kuna jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Tangu nianze kunywa chai hiyo, tumbo langu pia lilikuwa linakimbia. Nilikuwa nimelelewa na kitete, sikuwahi kunywa maziwa mapya hata siku moja nikiwa mtoto, kwa hiyo sikuwahi kujua. Nilichojua ni kwamba tangu niokoke, ninaumwa. Nilitoka katikati ya maombi. Siku moja nilitoka katikati ya ushirika mtakatifu, mkate nikiwa nao mkononi. Nikaanza kuwaza ni nani asiyependa wokovu wangu.

Kwa hiyo mama mmoja wa kanisa aliponiuliza swali lake, alinikuta nimeshakomaa. Alisema, "Mzee Mwanzia, wewe huoni? Mtoto akikaa kwa susu yake anapona, akirudi kwako anaugua. Huyo amefungwa. Amefungwa aishi kwa mkono mmoja tu."

Nilitaka kuwa na hakika. Hicho ndicho kinachoniuma, Ruth, kwamba sikukurupuka. Nilikufungia nyumbani siku nne, hukuenda kwa susu yako, na tukakupa maziwa mapya ambayo mchungaji aliyaombea kwa mkono juu ya sufuria. Siku ya nne hukuweza kusimama. Nikakubeba mwenyewe nikakupeleka kwake, na baada ya siku tatu ulikuwa unaimba. Nikasema basi, hakuna haja ya ushahidi mwingine. Mimi ni fundi. Vipande vyote vilikuwa mbele yangu, vimekatwa sawasawa, na nikavishona ndani nje.

Walikuja siku ya Jumamosi, watu kumi na zaidi, wakiimba na kupiga makofi. Susu yako alikuwa anapepeta ndengu. Alifurahi kuona wageni, akaanza kutafuta vigoda. Mchungaji akamwambia atoe vitu vyake vya giza. Hakuelewa. Mimi ndiye niliyeingia kibandani nikatoa vitete vyote vitatu, na mimi ndiye niliyechukua mchi wa kinu nikavivunja, kimoja baada ya kingine, pale uani. Cha tatu kilikuwa kimejaa. Maziwa yalimwagika mazito kwenye vumbi na mbwa akaja kulamba, wakamfukuza mbwa wakiimba.

Mama yangu hakulia na hakunilaani. Alitazama maziwa, akanitazama mimi, akauliza jambo moja tu. Alisema, "Na mtoto atakula nini?"

Yule mama wa kanisa akapiga kelele. "Mmesikia? Amekiri! Anasema mtoto hataishi bila yeye!" Watu wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Nimeishi na swali hilo miaka yote hii. Lilikuwa swali la mtu anayejua kupika. Halikuwa jambo lingine hata siku moja.

Aliondoka Jumapili asubuhi, wakati wa ibada, ili asipite mbele ya watu. Nilibaki nyumbani siku hiyo nihakikishe ameenda. Umeniambia mara nyingi, "Susu hata hakuniaga, Baba. Nakumbuka tu mgongo wake." Uliuona mgongo wake kupitia dirishani, kwa sababu mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo na nimeuegemea. Alikuja kukuaga. Alisimama nje ya mlango ule akaita, "Syombua! Syombua!" kwa sauti ya kawaida, kama anayekuita uje kula. Ulitaka kwenda. Nilikushika mkono. Alingoja, akaita tena, kisha nikasikia kandambili zake zikienda. Kuanzia siku ile nilikuita Ruth, na Mwaitu sikuita tena. Sikuweza kumwita mtoto mama yangu.

Mambo yaliyofuata mama yako anaweza kukueleza vizuri kuliko mimi, akitaka. Uliugua miezi. Kanisa lilisema kamba ni ndefu, anavuta akiwa mbali, tukafunga na kuomba. Ngozi yako, ukiivuta, ilikuwa hairudi mahali pake. Siku moja nilienda Makindu kununua uzi, na mama yako hakuniuliza wala hakumuuliza mchungaji. Alikufunga mgongoni akakupeleka dispensari ya Kibwezi. Huko alikuwepo kijana mmoja, daktari mdogo tu wa kuandika dawa, na kabla ya kukugusa aliuliza, "Anakula nini?" Mama yako akamtajia. Akauliza, "Kuna wakati alikuwa mzima? Wakati huo alikuwa anakula nini?" Mama yako akamtajia hayo pia, akaanza kulia hapo hapo kwenye benchi.

Kijana akamweleza kwamba ndani ya maziwa kuna sukari yake, na kuna matumbo, mengi sana ya watu wetu, ambayo baada ya kuacha kunyonya hayaiwezi sukari hiyo. Maziwa yakilala, ule uchachu unaila sukari kiasi kwamba hata tumbo dhaifu linayabeba. Na tumbo lililougua muda mrefu, akasema, hubaki na hasira, litakuwa linashtuka hata kwa woga na kwa mtihani. Hayo umeyaona mwenyewe. Hakusema chochote juu ya uchawi kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Niliporudi jioni nilikuta jagi la maziwa limefunikwa kitambaa dirishani. Nikauliza ni ya nini. Mama yako akasema, "Usiyaguse." Siku ya tatu alikuchanganyia kwenye uji, na kabla ya Jumapili ulikuwa unatembea. Ndipo aliponiambia habari ya yule kijana, yote, akiwa amesimama, na alipomaliza akasema, "Kesho unaenda Kyuso kumleta mama yako."

Nikasema nitaenda.

Ruth, kukosea kwa kutojua ni jambo moja. Watu wote wale walikuwa hawajui. Lakini kuanzia jioni ile nilijua, na sikwenda. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumgawia. Nilisema kuna sare za shule za kumaliza. Nikasema mvua ikatike. Nikasema nitamwambia mchungaji kwanza, na kila nilipomtazama niliona kwamba kama mama yangu si mchawi, basi wale watu kumi na zaidi waliimba juu ya nini? Na mimi mwenye mchi ni nani? Niliogopa kuvuliwa uzee wa kanisa. Nilikuwa nakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa siri huku nikikataa kusema kwa nini, na tumbo langu likatulia, na mama yangu alikuwa Kyuso. Mwaka ukapita na zaidi.

Kimanzi alituma mtu. Nilipofika walikuwa wameshazika.

Kaka yangu hakunikaribisha ndani. Alinisimamisha pale kwenye lango la miiba akaniambia ilivyokuwa. Habari ilifika Kyuso kabla ya mama, kwa watu wa lori. Alipofika alitafuta kibuyu, akakiosha kwa kijinga kama kawaida yake, akaanza kugandisha maziwa ya mbuzi wa Kimanzi. Hakuna aliyekunywa. Wanawake wa hapo waliwaita watoto wao walipomwona anakuja. Mke wa Kimanzi mwenyewe alianza kuwapa wanawe chakula kabla hawajaenda kwake, ili wafike wameshiba. Mama aliyaona yote. Aliendelea kugandisha, na kila yakishakaa sana aliyamwaga nyuma ya kibanda, akaanza mengine. Kimanzi alimuuliza anamgandishia nani. Alisema, "Mwanzia akimleta yule mtoto, asikute kitete kitupu."

Kisha kaka yangu akasema, "Hakuna kitu nataka kutoka kwako. Lakini usikanyage hapa tena mpaka useme mbele ya watu kwamba ulidanganya. Hawa watu wote walimzika wakiamini wewe."

Niliondoka. Nilisema nitarudi kusema. Unaona kwamba mimi ni hodari wa kusema nitaenda.

Ndiyo maana nilikimbia mezani ulipotaja Kyuso. Kituo ni kidogo, na jina la Syombua limeandikwa kwenye barua yako ya kazi. Wazee wataliuliza siku ya kwanza, "Wewe ni wa Syombua yupi?" Utajibu kwa kichwa juu, kwa sababu nimekulea hivyo, kisha utaona mama anamvuta mtoto wake kando. Utaona dawati moja halina mtu, kesho mawili. Utakula chakula chako cha mchana peke yako, na kikombe chako kitaoshwa mbali na vingine, na hutajua kwa nini. Ningeweza kukuambia uombe shule nyingine. Nililifikiria wiki nzima. Lakini hapo ningekuwa nimemfukuza Syombua wa pili.

Ushauri wangu hauna thamani kubwa, umeona mwenyewe unatoka kwa nani. Hata hivyo chukua hili. Utakuwa na watoto darasani wanaoshika tumbo. Wengine watakuwa waongo, wanataka tu kwenda kucheza. Waache wote watoke. Nilikuchapa mara moja, ukiwa na miaka saba, kwa kutoka kanisani mara tatu katika ibada moja, na nilijua, Ruth, nilijua vizuri sana kwa nini unatoka. Nilikuchapa kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Na ukijikuta siku moja una hakika kabisa juu ya ubaya wa mtu, na hakika hiyo inakupandisha mbele ya wenzako, iogope.

Jumatano hii nilienda kwa wazee wa kanisa nikawaambia yote niliyokuandikia. Mchungaji wa siku zile alishahama, yule mama alishafariki. Mmoja wa waliobaki akasema, "Mzee, hayo ni mambo ya zamani. Ukiyafukua utaangusha watu wadogo katika imani." Nikawaambia watafute mzee mwingine. Sikujisikia shujaa. Nilipofika nyumbani nilihara.

Kesho asubuhi mimi na mama yako tutakusindikiza mpaka steji. Barua hii nitaiweka mkononi mwako ukiwa umeshapanda, usome njiani, ili usilazimike kunitazama. Mimi nitapanda gari la siku inayofuata. Nimekuachia siku moja kwa sababu unaweza kuwa hutaki kukaa kiti kimoja nami, au hutaki tena kuniona, na ni haki yako. Ukinikuta sokoni Kyuso, si lazima unisalimu. Pita tu kama mwalimu anayepita. Siji kukuomba msamaha mbele ya wageni.

Siku hiyo ni ya soko, watu watakuwepo. Nitaenda kwanza langoni kwa Kimanzi nimwambie nimekuja kusema, halafu nitasimama pale wanapouzia ndengu, na nitasema kwamba Syombua, mama yangu, hakuwa mchawi, kwamba maziwa yake yalikuwa dawa ya mtoto, na kwamba nilijua hivyo yeye akiwa bado hai. Sijui watanisikiliza au watanipigia kelele. Wakiniuliza ni nani aliyemsingizia, sitamtaja mchungaji, wala yule mama wa kanisa, wala wale waliokuja kuimba. Nitawaambia ni mimi.

Baba yako,
Mwanzia